Wimbi Lilipopanda Kwetu Mlimani

Neno hili wimbi mimi nimelijua nina miaka kama kumi na moja hivi, na nusura limpeleke baba yangu akafungwe boma. Mnacheka? Chekeni tu. Wakati ule pale nyumbani hakuna aliyecheka, isipokuwa mama, naye alicheka kajiziba kanga mdomoni.

Watu wa pwani wanalitaja wimbi kama sisi tunavyotaja kiazi. Wamezaliwa nalo. Sisi tulikuwa watu wa milimani, juu ya Mbeya kule, pahali pa ukungu, asubuhi unatoka nje hata zizi hulioni. Maji tuliyoyajua ni ya chemchemi, na kijito kimoja kinarukaruka kwenye mawe. Maji mengi yametulia pamoja ni lile dimbwi la ng'ombe. Sasa mtu akikwambia bahari, kichwani unaweka nini? Mimi niliweka dimbwi, nikalipanua, nikalipanua, likafika mpaka kwa jirani. Hapo nikaona imetosha, bahari ndiyo hiyo.

Hii ni miaka ya hamsini, Uhuru bado. Baba yangu alikuwa mkalimani kanisani. Mchungaji alitoka Unyakyusa, ufukweni mwa ziwa, Kisafwa chetu hakijui, kwa hiyo alihubiri Kiswahili. Anasema kipande, ananyamaza, baba anakitoa kwa Kisafwa. Anasema kingine, baba anakitoa. Na baba hakuwa anatoa maneno tu, jamani. Mchungaji akinyoosha mkono, baba ananyoosha. Mchungaji akifuta machozi, baba anatafuta leso. Wamama walikuwa wanasema, "Mchungaji ana maneno mazuri, ila mkalimani ndiye anayeyatia chumvi."

Kiswahili baba alikiokota Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, alikofanya kazi miaka mitatu. Akarudi na blanketi, sufuria mbili na Kiswahili. Kile Kiswahili ndicho kilimpa heshima, maana ukimtoa jumbe, mkuu wetu wa kijiji, na ukiacha Kiswahili cha kuuzia viazi, kijiji kizima waliokijua walikuwa kama watatu, na wawili walikuwa waongo. Lakini Kiswahili cha machimbo kilikuwa na sululu, kilikuwa na karai, kilikuwa na matusi ya kila aina. Bahari hakikuwa nayo.

Basi kila Alhamisi mchungaji alikuwa anamwambia baba somo la Jumapili, ili ajiandae. Alhamisi moja baba akarudi nyumbani, hakula. Mama akamwuliza, "Kulikoni?"

"Somo ni Mwokozi yumo chomboni, amelala, dhoruba inakuja, anaamka anayakemea mawimbi."

"Anakemea nini?"

"Mawimbi."

"Ndiyo nini?"

Baba akaangalia moto. "Ndiyo hapo sasa."

"Si umwulize mchungaji?"

"Nimwulize! Nimemwambia Kiswahili chote nakijua. Nikimwuliza wimbi, kesho atasema sijui na mkate."

Mimi nimekaa pembeni namenya njegere, nasikiliza. Ile wimbi ikanikaa. Ni mnyama? Anakemewa, kwa hiyo anasikia. Au ni pepo? Usiku nikawa nalisema chini ya shuka, wimbi, wimbi, linaanza kwa kuchongoa mdomo, halafu linaufumba. Nikaona hiki kitu lazima kina kiburi.

Kesho yake mama na mimi tulikuwa tunashuka mjini kuuza viazi. Baba akanivuta pembeni ya nyumba. "Pale mnapouza, kuna yule mama wa pwani, mke wa mwenye duka la nguo. Mwulize wimbi ni nini. Usiseme nimekutuma mimi."

Tukashuka. Mbeya wakati ule ilikuwa ndogo, pale panapoitwa Soweto siku hizi mnavyopajua pamejaa nyumba, ilikuwa majani tu. Yule mama alikuwa anakaanga vitumbua uani kwake, mnene, mweupe wa meno, anaongea na vitumbua kama watoto wake. Nikapiga magoti nikamwamkia, kwa Kiswahili alichonifundisha baba, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kitumbua?"

"Hapana mama. Wimbi ni nini?"

Akaacha kijiti hewani. "Toba! Hujui wimbi?"

"Sijui."

"Bahari hujaiona?"

"Naijua, ni dimbwi kubwa."

Yule mama akacheka mpaka kitumbua kimoja kikaungua. Akamwita mumewe dukani, "Njoo usikie huku, bahari dimbwi!" Halafu akanionea huruma, akanivuta karibu. "Sikiliza mwanangu. Kwenu mnalima matuta?"

"Tunalima."

"Basi wimbi ni tuta la maji. Upepo unalikokota, linainuka hivi, mgongo juu, linatembea, linakuja, linakuja, likifika pwani linavunjika pwaa, linarudi. Na nyuma yake liko lingine. Halisimami hata siku moja. Mimi nikiwa mdogo kwetu Kilwa nililala nalisikia, nikaamka nalisikia." Akageuza kitumbua. "Huku kwenu kimya mno. Miaka minane sijazoea."

Akanipa kitumbua bure. Nikamkimbilia mama. Kupanda kurudi nyumbani ni mwendo wa saa nne, mzigo kichwani, na mimi nikasema nisije nikasahau, nikawa naimba njia nzima: tuta la maji, tuta la maji, tuta la maji. Mama akaniambia ninyamaze, nikaimba moyoni. Nilipofika juu nilikuwa nalo tuta, nilikuwa nayo maji. Ile ya kutembea na kuvunjika iliangukia njiani huko, sijui kona gani.

"Tuta la maji," nikamwambia baba.

Baba akapiga paja. "Kumbe! Kitu chepesi namna hii!" Siku hiyo akala ugali sehemu mbili.

Sasa lazima niwaambie habari ya matuta, maana bila hiyo hamtaelewa. Sisi watu wa mlimani matuta tuliyalima toka mababu, ila yetu yalishuka na mlima, kutoka juu kwenda chini, ili mvua ipite zake viazi visioze. Serikali ya wazungu ikasema hapana, mnapoteza udongo, matuta yakate mlima kwa ubavu. Wakamleta bwana shamba, kijana wa Kihehe kutoka Iringa, kaptula ya kaki, soksi mpaka magotini, baiskeli anaisukuma mlima mzima maana hapapandiki. Anakuja na kamba na vijiti, anapima, anasema tuta lipite hapa. Wewe umechoka na shamba lako, unaanza tena kulichimbua upya. Asiyechimba anaandikwa kwenye daftari, na akiandikwa mara mbili anapelekwa boma kufungwa. Wanaume watatu walikuwa wameshapelekwa. Neno matuta lilikuwa limekuwa chungu mdomoni. Ukitaka mtu akasirike, mwulize, "Matuta umemaliza?"

Na bwana shamba alikuwa Mkristo mzuri, Jumapili anakaa benchi la mbele. Kisafwa hakijui hata kidogo.

Ikafika Jumapili. Mchungaji anasema, baba anatoa. Mwokozi kalala. Upepo ukaja. Mchungaji akasema, "Mawimbi makubwa yakainuka," akapandisha mikono. Baba akapandisha mikono yake, akasema kwa Kisafwa, "Matuta makubwa ya maji yakainuka!"

Watu wakatazamana. Nikaona mabega yanaanza kutikisika kwa kicheko.

"Akayakemea mawimbi, yakalala, kukawa shwari."

"Akayakemea matuta, yakalala, kukawa sawaa!" Na baba akatandaza mikono, kama anasawazisha udongo.

Nyuma kule alikuwepo babu mmoja jirani yetu, mguu wake mmoja mbovu, mdomo wake mzima kabisa. Akasema kwa sauti, "Kumbe hata Mwokozi matuta yalimchosha!"

Na mama mmoja akadakia, "Kama yale ya maji yalilazwa, haya ya udongo tunayaogopea nini?"

Kanisa likapasuka. Si kwamba hawakuelewa, walielewa vizuri sana kwamba ni maji. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuchekea tu, miezi mingi hawajacheka. Mchungaji akamgeukia baba, "Wanacheka nini?"

"Wamefurahi, mchungaji. Wamefurahia muujiza."

Na bwana shamba, maskini, alipoona watu wote wanacheka, na yeye akacheka. Alipiga na makofi.

Jumatatu akaenda shambani na kamba yake, hakukuta mtu. Jumanne hakukuta mtu. Akawafuata nyumbani, kila anayemwuliza anamjibu, "Bwana shamba, si na wewe ulicheka?" Jumanne jioni ndipo mtu akamweleza alichekea kitu gani.

Akaja kwetu na jumbe. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa.

"Mzee," akamwambia baba, "umesimama mbele ya watu ukasema Mungu hataki matuta."

"Sikusema hivyo, bwana shamba. Nilifasiri tu. Limeandikwa wimbi."

"Na wimbi ni tuta?"

"Ni tuta la maji."

"Nani kasema?"

Baba akatazama mlangoni. Mimi nyuma ya mlango nikajibanza.

"Wewe bahari umeiona?" baba akamwuliza.

Bwana shamba akarekebisha soksi. "Hayo si ya leo. Ya leo ni haya: Jumapili hii utasimama pale pale, utalisema somo lile lile upya. Tuta lisitajwe. Na wakicheka tena, hata mmoja, naandika umechochea watu, Jumatatu unashuka na mimi boma. Jumbe umesikia?"

Jumbe akasema amesikia. Alikuwa mtu mpole, hakutaka kusikia.

Walipotoka nikajitokeza nikalia. Nikamwambia baba ukweli, kwamba yule mama alisema maneno mengi, mimi nimeleta mawili. Nilijua fimbo inakuja. Baba akaniangalia, akasema, "Na mimi nilipeleka mtoto akanijulie neno la watu wazima." Kesho yake alfajiri tukashuka wote wawili.

Safari hii baba akapiga hodi mwenyewe. Mwenye duka alikuwa barazani, akatukaribisha, kahawa ikaja, na baba akasema shida yake yote. Yule mama akajipiga kifua. "Mimi nimemfunga mtu jamani! Kwa tuta!" Akaingia ndani, akatoka na shuka la marekani, refu, jeupe. "Shika huku mzee. Mwanangu shika huku. Legezeni. Sasa wewe mzee, tikisa mara moja tu, juu, chini."

Baba akatikisa. Shuka likainuka mgongo upande wa baba, na ule mgongo ukatembea, ukaja, ukaja, ukanipiga mimi mikononi. Nikapiga kelele nikaliachia.

"Hilo ndilo wimbi," yule mama akasema.

Baba akatikisa tena. Akatikisa tena. Mtu mzima, mkalimani wa kanisa, anatikisa shuka uani kwa watu, macho yamemtoka. Halafu akasema, "Ngoja. Nguo haikuondoka. Nguo ninayo mimi bado. Kilichokwenda ni nini?"

Mwenye duka akacheka taratibu. "Mzee, mimi nimezaliwa baharini sijawahi kujiuliza hilo."

"Lakini kitu kimekwenda! Mtoto kimempiga!"

"Ni lile umbo. Maji yanapanda na kushuka pale pale, umbo ndilo linapita. Mpaka ufukweni, hapo sasa maji yenyewe yanapinduka. Na likikukuta na chombo kidogo, mzee, linakuinua, linakutupa upande."

Baba akauliza maswali mpaka adhuhuri. Wimbi lina ukubwa gani? Linafika kimo cha nyumba? Linafika. Usiku linalala? Halilali. Wakasema na watu wakija wengi kwa pamoja huitwa wimbi la watu, na nzige wakishuka ni wimbi la nzige, na yule mama wa pwani akasema hata nywele za Mhindi zina mawimbi. Baba anatikisa kichwa tu, kama mtu anayelishwa chakula kipya.

Nyumbani jioni akamwambia mama alete shuka letu. Wakatikisa nje ya mlango. Jirani mmoja akaona, akaja. Watoto wakaja. Yule babu wa mguu mbovu akaja na fimbo yake, akasema, "Mmechanganyikiwa?" Baba akampa pembe ya shuka. Lilipompiga mkononi akaruka na mguu wake. "Hiki ni nini?"

"Wimbi."

"Lete tena."

Kufika Ijumaa neno limeenea kijiji kizima kama upele. Ngano ikipigwa na upepo, "Tazama mawimbi!" Uji ukichemka, wimbi. Mzee wa kanisa mwenye shingo ya mikunjo, watoto wanamwambia ana mawimbi. Mama mmoja alimfokea mumewe aliyerudi kutoka pombeni, anayumba, "Mawimbi yako yaishie nje!" Kila anayelisema anacheka, na anayesikia anacheka. Niliyapenda mimi, niliwauliza watu, na hiki je, ni wimbi? Na paa la nyasi? Na mgongo wa ng'ombe akijitikisa nzi? Wengine wakasema ndiyo, wengine wakasema hapana, lazima lipite, mgongo wa ng'ombe haupiti. Walibishana hivyo watu wazima.

Ila baba ndiye alikuwa anakonda. "Tuta walicheka mara moja," akamwambia mama. "Hili wanacheka siku nzima. Jumapili nikilitaja wataanguka chini, na mimi nitaanguka boma."

Mama safari hii hakucheka. Alimfulia shati lake, akamwambia, "Nenda kwa mchungaji. Mwambie."

Jumamosi baba akaenda. Alivyotusimulia, alisimama mlangoni akasema, "Mchungaji, wimbi nilikuwa silijui. Niliona aibu." Mchungaji akamwambia aingie. Akamwambia, "Mimi nimezaliwa ziwani. Kaka yangu alitoka na mtumbwi asubuhi, maji yametulia. Mchana upepo ukageuka. Mtumbwi tuliuona siku ya pili, umepinduka. Yeye hatukumwona." Halafu mchungaji akasema, "Kesho nitalisema hilo kwanza."

Jumapili kanisa likajaa, hata wasiokuja walikuja. Bwana shamba benchi la mbele, daftari mapajani, na jumbe pembeni yake kamleta amfasirie Kisafwa, asije akapigwa chenga tena. Nami nimebana na mama, nahesabu midomo inayotaka kucheka.

Mchungaji akaanza na kaka yake. Baba akatoa kipande, akatoa kipande. Alipofika pa mtumbwi kupinduka hakunyoosha mkono wala nini, alisema tu, taratibu. Kisha ikaja habari ya chombo, na upepo, na baba katikati ya Kisafwa akaliweka lenyewe lilivyo, la Kiswahili: "Mawimbi yakainuka."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kuku nje. Nikaangalia, nikaona mama mmoja ameshika mikono yake yote miwili, pale pale shuka linapompigaga mtu.

"Akayakemea. Yakalala."

Mtu akashusha pumzi. Nikasema moyoni, tumepona. Na hapo hapo nyuma, fimbo ikagonga sakafu. Babu wa mguu mbovu amesimama.

Baba akafumba macho.

"Mkalimani," babu akasema, "nina swali. Hao waliokuwa chomboni, kuogelea walijua?"

Baba akamgeukia mchungaji, akatoa swali kwa Kiswahili. Mchungaji akasema, "Wengine walikuwa wavuvi. Walijua."

"Walijua," baba akasema.

Babu akafikiri. "Wavuvi, wanajua kuogelea, na bado wakalia, wakamwamsha mtu aliyelala?" Akatikisa kichwa. "Basi hilo si tuta. Tuta mimi nalivuka kila siku na mguu huu, tena nimelewa." Akakaa.

Jumbe akainama akamfasiria bwana shamba, neno kwa neno. Tukasubiri. Bwana shamba akaanza kuchekea puani, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka daftari likaanguka sakafuni. Alikuwa peke yake anayecheka, kanisa zima linamwangalia yeye. Aliliokota, akalifunga, akaliweka mfukoni, akafuta macho.

Matuta tuliyachimba bado, msidhani. Jumatatu alikuja na kamba yake kama kawaida. Babu hakuchimba, na bwana shamba alikuwa anapita shamba lake kama halioni.

Lakini siku ile ile, tulipotoka kanisani, alitufuata njiani anasukuma baiskeli yake, mpaka akawa sambamba na baba. Mimi nilikuwa nyuma yao, ndiyo maana nilisikia.

"Mzee," akasema, sauti ya chini, "kwetu Iringa nako bahari hakuna. Hilo wimbi... likija, na uko ufukweni pale, unafanyaje? Unakimbia au unalala chini?"

Baba akatembea hatua kadhaa.

"Sijui, bwana shamba," akasema. "Hilo sijui. Tumrudie mchungaji, tukamwulize."

Wakageuza, wote wawili, na baiskeli.